Mumbere Asiye wa Kwanza

Mutu akikuambia série ni kitu ya kupumuzisha kichwa, umukatalie. Mimi Nadège, muuzaji wa bitenge ku soko ya Butembo, miaka makumi mbili na tisa, kidogo tu nikose bwana juu ya série. Na ingekuwa basi série ya batu ya kweli! Hapana. Ni ya mulima wenye unalala, ndege kubwa zenye zinabeba basoda na mikuki yao ku mugongo, na malkia mwenye anaongea na maji. Bitu bya namna ile, byenye habiko hata fasi moja ku dunia, njo bilitaka kuniharibia maisha.

Ile série banaiita Mulima Unaolala. Sasa iko mu saison ya nane, na ya nane njo ya mwisho. Kila wiki inatoka épisode moja. Batu ya kwetu hawaiangalie mu Kifaransa. Banangojea Maître Avion.

Maître Avion njo mwenye kutafsiri. Anachukua épisode, anaweka sauti yake juu, anaelezea mu Swahili yetu na Kinande ndani, anacheka, anagombeza bale batu ya mu filme, kisha inauzwa mu flash kutoka Beni mupaka Butembo, Oicha, hata Musienene kwa balimaji ya viazi. Banamuita Avion juu alikulia Mavivi, karibu na kiwanja ya ndege. Kila mara ile ndege kubwa ya mu série inashuka, anaifanyia sauti ya avion yenye inatua: vuuuuu! Kisha anapiga kelele: «Mushike viti, bandugu!» Batoto bote ba Furu, mutaa wetu, banajua kuifanya. Banaifanya asubui, banaifanya mu misa. Imenichosha, franchement.

Na munajua Maître Avion ni nani? Ni Josaphat. Josaphat wangu, mwenye alitaka kunioa.

Kwetu banajua Josaphat kwa jina tu, kama kijana wa Beni mwenye kutengeneza telefone na radio. Hiyo pia ni kweli, anatengeneza. Sauti ya Avion ni kazi ya mu chumba ya nyuma, na mwenye duka fasi anafanyia kazi alimukataza kusema ni yeye, juu batu banapenda kitu yenye hawajue inatoka wapi. Nilifikiri siku moja nitamuelezea Baba polepole, atacheka, itaisha. Baba alikuwa anamupenda Maître Avion kuliko padri.

Baba yangu anaitwa Phinées. Anauza viazi: anazipandisha mu gari kutoka Musienene, anazishusha Beni. Ni mutu muzuri, mais ako na kichwa ngumu, Mungu wangu we! Miaka mbili nyuma kulikuja bwana mumoja, Valentin, mutu wa Leta, kazi ya serikali, kutoka Kasai, na mushahara yake, na viatu bya kuangaza. Baba akamufukuza. Juu ya nini? Juu aliikala mbele hawajamuambia aikale. Nililia wiki nzima. Njo maana, wakati Josaphat alisema atakuja na muzee wake siku ya Mungu kuniomba, nilisema kumufukuza tena, hapana. Mara hii hakuna kitu itaharibika.

Eh, nilikuwa nasahau Mulima Unaolala.

Kosa ya Josaphat ilianza zamani, mu saison ya kwanza. Majina ya bale batu ya mu série ni magumu, ulimi inakunjana. Akasema: bon, nitabapatia majina yetu. Na kwetu Banande jina inafuata kuzaliwa. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Mumbere ao Paluku. Wa pili ni Kambale. Wa tatu ni Kasereka. Wa ine Kakule. Mutu akikuambia anaitwa Kakule, hauna haja ya kuuliza: kuko batatu mbele yake. Donc Josaphat akaangalia ule malkia, akaona ako na batoto babili banaume. Mukubwa akamuita Mumbere. Mudogo, Kambale. Nani angejua? Saison saba batu banalia na Mumbere, banamuombea Mumbere. Kuko mutu wa taxi-moto mwenye aliandika MUMBERE WA MULIMA nyuma ya pikipiki yake, na rangi nyekundu.

Sasa bale benye kuandika série, sijue balikula nini, mu saison ya mwisho banatuambia mulima unaamka tu kama mutoto wa kwanza wa mufalme anaikala ku kiti ya jiwe. Mumbere akapanda, akaikala. Butembo muzima tunashika pumuzi. Mulima, kimya! Hata jiwe moja haikuanguka. Na mu épisode ya kufuata malkia analia, anasema: «Kulikuwa mwingine mbele yake. Nilimuzaa, akakufa, bakanikataza kumutaja.»

Miaka yote ile mama ananyamaza! Donc Mumbere hakukuwa Mumbere. Alikuwa Kambale. Na Kambale alikuwa Kasereka. Saison saba tuliita batu majina yenye haikuwa yao.

Mungekuwa Butembo ile wiki, mungekimbia. Ku soko, mama mumoja mwenye anauza sombe, majani ya muhogo, alisusia mwenzake juu ya swali moja: ule mudogo, sasa tumuite nani? Mwenye pikipiki alikwangua ile rangi na kisu, akakwangua hata chuma. Na Monsieur Elikia, mwalimu kutoka Kisangani mwenye anapanga chumba mu parcelle yetu, mwenye anaangaliaka mu Kifaransa ku telefone yake na anapenda tujue, akasimama mu kiwanja akasema: «Mimi nilijua tangu saison ya tatu. Lakini sione shida. Sisi kule tunapatia mutoto jina yenye tunapenda.» Baba alimuangalia vile mutu anaangalia nyoka mu choo. Elikia akarudi mu chumba yake.

Mais hakuna mwenye alikasirika kama Baba. Alivua sandale akaitupa ku télé.

«Mupumbavu!» akalalamika. «Ule Avion ni mupumbavu! Mutu mwenye hajue kuhesabu batoto ya mwanamuke, anajua nini? Mumbere! Eti Mumbere! Kwenda kumupatia jina ya mwenzake!»

«Baba, ni série,» nikamuambia.

«Jina haikuwe série! Siku nitaona ule mutu na macho yangu, nitamufukuza na fimbo kutoka hapa mupaka Mavivi. Anisikie!»

Gari ya Baba ilishaanguka mu potopoto na viazi yote ndani, wakati wa mvua, na sikumuona vile. Alikataa kula. Alitembea mu kiwanja akiongea peke yake. Nilimuangalia Mama nione kama anacheka, mais Mama hakukuwa mu nyumba. Wakati malkia alianza kulia, Mama aliinuka akaenda ku jiko, na akabakia kule akichagua maharagi yenye tulishachagua asubui. Nilifikiri ile série imemuchosha sawa mimi. Nilimuelewa kabisa.

Nikamupigia Josaphat.

«Umenimaliza,» nikasema. «Umesikia? Umenimaliza, wewe na Mumbere yako.»

«Nadège, na wewe? Leo asubui batu makumi ine balipiga ku duka kumutukana Avion. Mwingine ni padri.»

«Baba anasema atakufukuza na fimbo.»

Akauliza: «Fimbo gani?»

Eh Mungu wangu, ile swali! Nikamuambia asikilize vizuri. Siku ya Mungu atakuja, ataikala kisha bamemuambia aikale, atafunga kinywa. Atasalimia na mukono, na kichwa, na meno. Muzee Salomon, baba yake mudogo, njo ataongea. Desturi inaruhusu, tena inapenda. Yeye asiseme hata «aksanti». Akisikia anataka kupiga chafya, atoke inje.

«Hata salamu?»

«Hata salamu. Ile sauti yako Baba anaijua kuliko yangu.»

«Mais Nadège, mimi nataka nimuelezee. Sikufanya kwa mubaya. Sikuweza kufikiri mama anaweza…»

«Utaelezea kisha ndoa. Utaelezea kisha batoto batatu. Funga kinywa!»

Niliikata. Kuko kitu moja ya kusema hapa: Josaphat mwenyewe ni Kasereka. Na kwao, Mavivi, fasi nilienda mara mbili kusalimia, sikuonaka Mumbere wala Kambale. Sikumuuliza. Mambo ya namna ile, kwetu, haumuulize mutu, unangoja akuambie.

Siku ya Mungu ikafika. Balikuja mapema kisha misa ya kwanza, juu kutoka Beni mutu anapenda kuenda na kurudia mwangaza ingali. Muzee Salomon na kofia yake mu mukono, kibuyu ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na jogoo mumoja mwenye hasira. Nyuma yake Josaphat, ndani ya costume yenye aliazima, kinywa imefungwa mupaka mashavu imevimba.

Na Baba? Baba alikuwa mbele ya télé. Wiki nzima alituapia hataangalia tena, na ile asubui alituma mutu kununua flash ya épisode mupya, ile yenye inatangulia ya mwisho.

«Ingieni, bandugu, ikaleni,» akasema, bila kugeuza kichwa. «Inabakia kidogo. Nataka nione kama ule mupumbavu ataomba musamaha.»

Bakaikala. Sauti ya Josaphat ikajaza nyumba. Josaphat wa mu télé alikuwa anaongea na kulia na kucheka. Josaphat wa ku kiti alikuwa anaangalia viatu yake. Jasho ilimushuka ku shingo. Nilileta chai ili nipate kitu ya kufanya na mikono. Kisha ile ndege ya laana ikashuka ku mulima, vuuuuu, «Mushike viti, bandugu!», na Muzee Salomon, kwa mazoea, akashika kiti na mikono mbili.

Baba akamuona. «Kumbe na wewe unaangaliaka?»

«Ah! Tangu mwanzo,» Muzee akasema, na furaha. «Unajua, ule kijana, sauti ya avion anaiweza. Akiwa mutoto alikuwa anapanda ku…»

Nikamuongezea chai mupaka ikamwangika ku suruali. Akaruka. Nikaomba musamaha, nikamupangusa, nikamukazia macho. Akaelewa, asante Mungu.

«Sauti anaiweza, ndiyo,» Baba akasema. «Akili njo haiko. Bakimuleta hapa mbele yangu, nitamuuliza swali moja tu: wewe, ulikuwa pale wakati ule mama anazaa?»

Akafunga télé katikati, ule mwana wa mufalme kinywa wazi. Tukaingia mu maneno yenyewe.

Nitasema ukweli: Muzee Salomon aliongea vizuri. Alisema balipita balisikia arufu ya chakula mu nyumba hii, balitaka kujua nani anapika. Baba akajibu kwamba bapishi bako mingi Butembo. Bakazunguka, bakachekana, bakaulizana ukoo mupaka kwa bababu. Nilianza kupumua. Baba alikuwa anaangalia Josaphat na jicho ya muuzaji, yenye naijua, jicho ya mutu mwenye ameona viazi yenye haikuoza.

«Huyu kijana wenu nimemupenda,» akasema. «Anajua kunyamaza. Bijana ya leo banapiga domo kutwa, sawa ule Avion. Huyu, tangu aingie, hata neno moja! Hii ni malezi.»

Josaphat akainamisha kichwa. Muzee Salomon akakohoa. Mimi nilikimbia ku jiko, nikamukumbatia Mama, nikamuambia: Mama, imepita! Mama akatabasamu kidogo, akanipatia sahani ya kuku, yeye akabeba bugali. Tukaingia. Tukapanga yote ku meza.

Na pale Baba, na roho yake nyeupe, akasema: «Kijana, tuombee.»

Sasa mungefanya nini? Niambieni. Mu nyumba ya Bakatoliki, mbele ya mukwe, mutu anakuambia uombe, utasema hapana? Muzee Salomon alijaribu. Alisema yeye ni mukubwa, yeye ataomba. Baba akamukatalia na mukono: «Hapana, nataka nimusikie kijana.»

Josaphat akaniangalia. Sikuwa na kitu ya kumupatia. Akasimama, akafanya alama ya musalaba, akaanza kunongona, chini sana, chini kabisa. Masikini! Alifikiri kunongona kutamuokoa. Mais ile sauti ya kunongona njo yenye anafanyiaka malkia wakati anaongea na maji.

«Kwa jina la Baba,» akanongona, «na la Mwana…»

Baba akafungua jicho moja. «Na la Roho Mutakatifu…» Baba akafungua ya pili. Ku «ubariki chakula hiki», alikuwa alishasimama.

«Ni wewe,» akasema.

Jogoo tu njo alilia inje.

«Ni wewe Avion! Ndani ya nyumba yangu! Ku meza yangu! Na wewe Nadège, ulijua?»

«Baba…»

«Ulijua! Fimbo yangu iko wapi?»

Nilipasuka. Nilimuambia yote yenye ilikuwa mu roho: kwamba Valentin alienda juu ya kiti, na huyu ataenda juu ya malkia ya mu filme, na mimi nitazeeka hapa nikipima bitenge ya bibi-harusi ya bengine. Nilisema sauti juu, mbele ya bageni, na sikusikia haya. Baba hakunisikia. Alikuwa anatafuta ile fimbo nyuma ya armoire.

Ni Josaphat njo alimusimamisha. Hakutumia sauti ya Avion. Aliongea ya kwake, ya kawaida, yenye ninapenda.

«Baba, munipige, mais munisikilize mbele. Mulisema mutaniuliza swali moja. Ni kweli, sikuwa pale wakati ule mama anazaa. Mimi niliona anabeba mutoto, nikasema huyu ni wa kwanza. Haikunikuja mu akili kwamba mama anaweza kuzaa mutoto, akakufa, na kuhesabu kukaanza tena ku moja. Mimi jina yangu ni Kasereka. Munasikia? Kasereka, na kwetu niko peke yangu. Mumbere na Kambale surua ilibabeba mbele nizaliwe. Batu balimuambia mama yangu: muite huyu Mumbere, uanze upya. Alikataa. Alisema mimi ni wa tatu, na nitakuwa wa tatu. Mimi nilifikiri kila mama ya dunia iko vile. Njo kosa yangu. Hakuna ingine.»

Baba alikuwa ameshika fimbo. Haikupanda.

«Umemaliza?» akauliza, na sauti ndogo.

«Nimemaliza.»

Pale Mama akaweka bugali ku meza. Mama Germaine, mujue, haongeake mbele ya bageni. Na kuko kitu ingine yenye sikuwaelezea juu sikuionaka kama kitu. Yaya yangu, mwenye anafanya biashara Kampala, ni Mumbere Valère. Baba anamuita Mumbere, mutaa muzima Mumbere, mimi Yaya Mumbere. Mama peke yake njo anamuita Valère. Na Baba, bamama bengine ba ukoo banamuita Baba Mumbere, sawa vile inafaa. Mama anamuita Baba Nadège. Nilikuwa nafikiri ni juu ananipenda zaidi. Nilikuwa hata najivuna.

Mama akasema: «Baba Mumbere.»

Baba akageuka mara moja.

«Mumbere ako Oicha,» Mama akasema. «Mu shamba ya kakao ya baba yako, fasi nilimuzaa na mvua inanyesha. Nilimuita jina, akafungua macho, akaniangalia. Kisha akaenda. Baba yako akasema mutoto hakubatizwa, asihesabiwe. Na wewe ukanyamaza. Valère akakuja, ukamuvalisha jina ya ndugu yake.»

«Germaine, kuko bageni.»

«Bageni babakie. Miaka yote sikusema, juu uliniomba nisiseme. Wiki hii unatupa sandale, unatukana mutoto ya benyewe, eti hajue kuhesabu. Yeye hakujua. Wewe ulijua.»

Nikaikala bila mutu kuniambia niikale. Nilikuwa na yaya mwingine. Miaka makumi mbili na tisa, na nilikuwa na yaya mwingine pale Oicha, njia yenye nilipita mara na mara na mizigo ya bitenge, nikikula karanga, nikicheka. Nilikasirika na bote. Nilikasirika na Baba, na bale benye kuandika série, na mimi mwenyewe kwa kile kiburi ya Baba Nadège. Nililia mu kitambaa ya meza.

Baba akaweka fimbo chini. Akaikala ku kiti yake mbele ya ile télé yenye imefungwa.

«Ni muzee aliamua,» akasema. «Mimi nilikuwa kijana. Nilikuwa nataka mutoto.»

«Ulikuwa naye,» Mama akasema. Kisha akaikala pembeni yake, akavuta sahani, akamupakulia bugali, juu hata pale Mama ni Mama. Baba hakugusa.

Kuku ilipoa ku sahani. Muzee Salomon alikuwa anageuza kofia yake, na nilimuhurumia. Alikuja kuomba bibi, sasa ameikala mu kilio ya batu. Mwishowe Baba akainua kichwa, akamuangalia Josaphat, mwenye alikuwa angali amesimama.

«Épisode ya mwisho, ulishaitafsiri?»

«Bado, Baba. Imetoka mu Kifaransa tu, ku duka yetu inafika kesho.»

«Ule mutoto mwenye alikufa. Mu ile ya mwisho, banamutaja?»

«Sijue. Monsieur mumoja kule Beni mwenye aliona mu Kifaransa anasema banamutaja mara moja, ku kaburi.»

«Utamuita nani?»

«Mumbere,» Josaphat akasema. «Nitaomba batu musamaha, kisha nitamuita Mumbere. Bengine nitabashusha kila mutu fasi yake.»

Baba akatikisa kichwa polepole. Akamugeukia Muzee Salomon na kumuambia mbuzi ya mahari atazileta, bataongea na bandugu siku ya baadaye, leo hana nguvu. Aliisema hivihivi, sawa mutu anaomba chumvi. Ndoa yangu! Njo vile niliipata, bila shangwe, bila hata mutu mumoja kuniangalia. Josaphat tu aliikala pembeni yangu, akanikamata kidole chini ya meza, na sikuitoa, hata kama nilikuwa na hamu ya kumufinya.

Kisha Baba akatoa telefone mu mufuko, akapiga Kampala, akaweka sauti juu vile anafanyaka, juu hasikie vizuri ku sikio ya kuume. Ikalia. Mama aliacha kupakula, kijiko juu.

«Kambale?» Baba akasema.

Kule kukasikika makelele ya soko.

«Baba? Ni mimi, Mumbere. Mumekosea numero?»

Baba akamuangalia Mama, macho imejaa machozi.

«Hapana, mutoto yangu,» akasema. «Leo sikukosea. Tafuta fasi uikale, mama yako anataka kukuongelesha.»

Na akamunyooshea Mama telefone.